Barua ya Wazi kwa Wachora Ramani za Misaada

Waheshimiwa Mabwana na Mabibi,

Ama baada ya salamu na taadhima iwastahikiyo watu wa daraja yenu, nina furaha kuwaarifu kwamba ramani ya miradi ya maendeleo katika Kaunti ya Turkana imetufikia salama, nayo ni ramani ya kupendeza. Nchi ambayo vitabu vya jiografia vilituzoeza kuiona kuwa kipande kitupu kilicholazwa baina ya ziwa na mipaka ya Uganda, Sudan Kusini na Ethiopia, leo imejaa nukta kutoka pembe hata pembe: za buluu kwa maji, za kijani kwa kilimo, nyekundu kwa afya, manjano kwa elimu, na za zambarau kwa lile jambo liitwalo kujenga uwezo, ambalo kwa kadiri ya maarifa yangu machache hufanyika katika ukumbi wa hoteli, pana chai na maandazi saa nne asubuhi, na posho jioni. Mgeni akiitazama ramani hiyo kabla ya kuonana na wenyeji, hana budi kustaajabu watu 926,976 waliohesabiwa huko mwaka 2019 walipata wapi nafasi ya kuwa maskini.

Sipingi asili ya kazi yenu. Mataifa yatoayo na yapokeayo misaada yalipoafikiana Paris mwaka 2005 kwamba misaada ipangwe kwa pamoja na ifuate mipango ya nchi yenyewe, ilibidi kwanza ijulikane nani yuko wapi, ili mashirika matatu yasichimbe visima vitatu katika kijiji kimoja ilhali kijiji cha pili wanatembea nusu siku na madumu kichwani. Wenzenu wa Umoja wa Mataifa wanaoratibu misaada ya dharura wana jedwali lao mashuhuri lenye maswali matatu, nani, nini na wapi, nayo ni maswali ya haki. Ajabu yangu ni kwamba swali la nne, ambalo mwanamke yeyote mwenye dumu tupu angelitanguliza mbele ya hayo matatu, halikupewa safu: je, maji yanatoka?

Katika Kenya iko sheria ya kusajili vizazi na vifo, na naibu wa chifu yule yule anayepokea habari kwamba mtoto kazaliwa ndiye anayetoa kibali cha kuzikwa mzee. Ofisi zenu zimeishika nusu ya sheria hiyo. Mradi ukizaliwa huandikwa siku hiyo hiyo, jina la mfadhili, kiasi cha fedha, longitudo na latitudo. Ukifa, hauzikwi wala hauliliwi, bali huendelea kung'aa ramanini kwa rangi ya ujana wake, na kuhesabiwa pamoja na walio hai kila iandikwapo hotuba.

Mtaniwia radhi nikiwakumbusha marehemu mmoja mwenye jina kubwa. Kalokol, karibu na ufuko wa magharibi wa ziwa, Wanorwei walijenga kiwanda cha kugandisha samaki mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa gharama itajwayo kuwa dola za Marekani milioni 22. Nia ilikuwa njema kupita kiasi: wafugaji waliouliwa mifugo na ukame wageuke wavuvi, samaki wagandishwe, wasafirishwe kwa barabara ya kwenda Kitale ambayo pia Wanorwei waliigharimia, wauzwe mbali, na njaa ibaki hadithi ya kusimuliwa watoto. Kiwanda kikasimama, kikawashwa, kikafanya kazi siku chache tu. Ikadhihirika kwamba kugandisha samaki katika nchi yenye joto kama lile kwahitaji umeme mwingi na maji safi mengi, na kwamba Kalokol vyote viwili ni adimu kuliko samaki wenyewe. Kisha kina cha ziwa kikashuka, na Ghuba ya Ferguson, iliyokuwa tegemeo la uvuvi wote ule, ikakauka. Na mwaka 1990, serikali ya Kenya ilipovunja uhusiano wake wa kibalozi na Norwei, wafadhili wenyewe wakafunga virago. Waandishi wengi wa kigeni wamekicheka kiwanda hicho kwa hoja moja, kwamba Waturkana ni wafugaji na habari za samaki hawazijui, na hapo nao wamepotoka, kwa kuwa wako Waturkana wa ziwani waliovua kabla Mnorwei wa kwanza hajafika, na wanaovua mpaka leo, na kuanika samaki wao juani, kwa kutumia jua ambalo Mwenyezi Mungu aliliweka pale bila ya kuandikiwa andiko la mradi. Nauliza kwa adabu: katika ramani yenu, nukta ya Kalokol ni ya rangi gani?

Wala msidhani kwamba ni mambo ya zamani tu. Mwezi wa Septemba 2013 ulimwengu ulitangaziwa kwamba kwa msaada wa satelaiti na rada yameonekana maji mengi mno chini ya uwanda wa Lotikipi, na magazeti yakapiga hesabu kwamba yataitosha Kenya nzima kwa miaka 70. Maji hayo yaliingia ramanini kabla ya kuingia kinywani. Visima vya majaribio vilipochimbwa na maji yakapimwa, yalikutwa na chumvi isiyonyweka. Sisemi kwamba satelaiti ilisema uongo, hasha. Maji yalikuwapo kama ilivyosema. Satelaiti haina ulimi.

Kwa insafu, uko mradi mmoja uliofaulu kupita matarajio yote, nao ni mti wa mathenge, ulioletwa katika nchi kame za Kenya, Turkana na Baringo zikiwamo, katika miaka ya 1970 na 1980, ili uzuie jangwa na utoe kuni. Umeenea wenyewe bila ya kuomba fedha za awamu ya pili, umeziba njia za mifugo, umetamalaki kingo za mito, na watu wa Baringo walifikia hata kumpeleka mahakamani Nairobi mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula makaka yake, awe kielelezo mbele ya majaji. Mradi huu sikuuona ramanini, pengine kwa sababu nukta moja haiutoshi.

Nimewaona vijana wenu kazini, na sina neno baya juu yao, kwani wanafanya walilotumwa. Gari jeupe husimama kando ya laga, yaani mto mkavu, kijana hushuka na kishikwambi chake, na jambo analoliendea kwanza ni kibao. Kibao kina majina ya mfadhili, ya mshirika wa mfadhili, ya mshirika wa mshirika, na ya wizara, na chini kabisa, kwa herufi ambazo kutu imeanza kuzila, neno jamii. Hukipiga picha. Hupanda juu ya sakafu ya saruji ya kisima, akainua kishikwambi mbinguni, akangoja kwa subira mpaka apewe usahihi wa mita tatu. Humwuliza mzee aliyekaa kivulini kisima hiki kinahudumia kaya ngapi, na mzee, ambaye amekwisha kuulizwa na wengi, humjibu idadi ile ile aliyowajibu wa mwaka jana, kwa kuwa ameona kwamba idadi hiyo huwaridhisha. Mpini wa pampu umesimama kando yake umbali wa mkono, lakini kijana haugusi, maana katika fomu yake halipo swali linalomtaka auguse. Laiti angeushika, angeuona unapanda na kushuka bila ya uzito, kwa sababu mipira ya ndani imelika, na mipya huuzwa Kitale, na bei yake haifiki bei ya mafuta yaliyomleta yeye pale.

Na laiti angeteremka ndani ya laga yenyewe, hatua chache tu, angewakuta wanawake waliochimba mchangani kwa mikono shimo la kina kirefu hata aliye chini haonekani kichwa; anachota kidogo kidogo kwa kikombe, anampokeza aliye juu yake, naye anampa wa ukingoni, ambaye huyamimina katika dumu, na yanayosalia huwanywesha mbuzi waliojipanga na kulia. Kisima hicho kina maji. Hakina kibao, basi hakina nukta.

Mintarafu ya mahali nukta zilipo, sina haja ya kurefusha maneno: zimefuata lami. Baina ya Lodwar na Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ipo tangu mwaka 1992, zimebanana hata rangi zimeingiliana, na kule malishoni kuelekea mipakani, ambako mifugo na wenyewe huhamia wakati wa kiangazi, karatasi ni nyeupe. Kaunti hiyo ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 68,000, nasi tunajua kwamba gari la ofisi hurejea mjini kabla ya magharibi.

Haja yangu kwenu, waheshimiwa, si kwamba mwache kuchora. Naomba miradi iliyokufa itiwe rangi nyeusi na kubaki ramanini pamoja na majina ya wafadhili wake, kwa herufi zile zile kubwa zilizokuwa kwenye kibao, kwani aliyependa kutajwa siku ya kuzindua hapaswi kuona haya kutajwa siku ya matanga. Chifu apewe mamlaka ya kutoa cheti cha kifo cha mradi, na cheti hicho kipokewe Nairobi bila ya kuhitaji mshauri wa kukihakiki. Kila nukta iandikwe siku iliyotazamwa mara ya mwisho, na ni nani anayepaswa kununua spea. Na kabla ya ramani kupigwa chapa kwa rangi hizo nzuri, isomwe barazani, kwa Kiturkana, nukta moja moja, mbele ya watu ambao nukta hizo zinadaiwa kuwahudumia, na wanaocheka waandikwe kuwa wametoa maoni.

Iwapo bajeti haitoshi kwa hayo yote, nami najua aghalabu haitoshi, basi anzeni na dogo lisilo na gharama: ongezeni katika fomu mstari mmoja wa kumwamuru kijana apige pampu mara ishirini kabla ya kutoa kamera, na aandike kilichotoka.

Ni mimi mtiifu wenu,
Msomaji wa ramani zenu