Heko, Goti Linaloalika

Kila mwenye jina ana msifu wake. Bwana harusi huimbiwa, mheshimiwa hupigiwa ngoma uwanja wa ndege, na hata timu iliyofungwa mabao matano haikosi wa kuitetea kijiweni. Goti peke yake limeachwa yatima, hasa lile linaloalika: ukichuchumaa linasema ko!, ukiinuka linajibu kra-kra, ukipanda ghorofani linahesabu ngazi zote kwa sauti. Watu wamekwisha kulihukumu. “Limeisha mafuta,” wanasema, na mwenye goti anaanza kuulizia bei ya mkongojo. Leo nalivisha kilemba.

Nalisifu kwanza kwa ucha Mungu. Imamu anapotoa takbira ya kwenda sijida, safu ya watu wazima inateremka, na magoti yanaitikia kwa sauti kuliko wenyewe. Kanisani nako, wakati wa kupiga magoti, kwaya hiyohiyo husikika kwenye mabenchi ya nyuma. Uzuri wake ni kwamba kila mmoja anaamini lililoalika ni la jirani.

Wapo wanaolilaumu eti linafichua umri. Wanalionea. Magoti ya vijana wengi, wanaocheza mpira kila jioni na wasiojua maumivu ni nini, yanaalika vilevile. Tofauti ni kwamba kijana hana muda wa kuyasikiliza.

Na linasema nini hasa? Ndani ya kiungo mna ute unaolainisha, na katika ute huo mna gesi iliyoyeyuka. Mifupa ikivutana na kuachana kidogo, mgandamizo hushuka ghafla na gesi hujitokeza kwa kishindo, kama soda inapofunguliwa. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walivuta vidole vya mtu ndani ya mashine ya kupiga picha za sumaku, wakaona uwazi ukijitokeza kwenye ute papo hapo kilipoalika kidole. Kiungo kikishatoa mlio wa namna hiyo hunyamaza kiasi cha dakika 20 kabla ya kuweza kusema tena. Ni wasemaji wangapi wa majukwaani wenye adabu hiyo? Ile kra-kra nyingine, isiyojua kupumzika, mara nyingi ni ya kilegesambwa kinachoteleza juu ya mfupa wa paja, au ya kano inayoruka juu ya kifundo cha mfupa.

Alikuwepo daktari mmoja wa Marekani, Donald Unger, aliyeonywa utotoni na mama yake na shangazi zake kwamba kualisha vidole kutamletea ugonjwa wa viungo. Akaalisha vya mkono wa kushoto kila siku kwa nusu karne, wa kulia akauacha. Mwaka 1998 akatangaza kwamba mikono yote miwili ni mizima. Ni mtu mmoja, tena ni vidole si magoti, lakini ubishi wa kiasi hicho dhidi ya shangazi unastahili heshima.

Tusisahau mchango wa goti katika uchumi. Likialika mara moja tu, muuza supu ya kongoro amepata mteja, muuza maji ya bamia amepata mwingine, na mwenye mafuta ya kuchua pale stendi hajakosa chake. Supu ni tamu na bamia ni mboga njema, nami navila vyote viwili. Ila tumbo huvisaga sawa na chakula kingine chochote. Halina njia ya mkato ya kupeleka ute gotini.

Kinacholisha goti ni mwendo. Gegedu lililofunika ncha za mifupa halina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kutoka kwenye ule ute, unaosukumwa kuingia na kutoka kila mguu unapokunjwa na kunyooshwa. Kwa hiyo anayekaa kitini kutwa nzima ili “kulitunza” analifungisha swaumu. Misuli ya paja nayo ndiyo inayolipunguzia mzigo, na mazoezi yake ni ya bure: kaa kitini, inuka bila kushika popote, kaa tena. Kuhusu uzito, goti lina hesabu za dukani. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 kwa wazee wanene wenye magoti yaliyochakaa ulionyesha kuwa kila kilo moja iliyopungua mwilini ililipunguzia goti mzigo wa kilo nne hivi kwa kila hatua. Hakuna mfanyabiashara anayetoa faida hiyo bila kuwa tapeli.

Kuna doa, na sitalifunika. Utafiti mwingine wa Marekani, uliotolewa 2017, uliona kwamba watu ambao magoti yao yalialika mara kwa mara bila kuuma walielekea zaidi kupata maumivu ya kuchakaa kwa goti miaka iliyofuata. Si wote. Ni sababu ya kuanza yale mazoezi ya kiti leo, wala si sababu ya kuanza kuchechemea.

Na sifa zangu zinakoma maumivu yanapoanza. Goti likivimba, likikwama usiweze kulinyoosha, au likikulegea njiani, kelele si habari tena. Likialika uwanjani baada ya kujipinda, kisha likajaa ndani ya saa chache, huenda ukano umekatika. Likiwa la moto na wewe una homa, usingoje kesho.

Basi ndugu msomaji, likialika bila kuuma, liache liseme, nawe panda ngazi zako. Likivimba, lipeleke hospitali, na ile pesa ya chupa ya bamia iwe nauli.