Magadi, Chokaa na Madirisha Yaliyofungwa

Babati tuna ziwa letu lenye viboko na kambale, lakini bahari iko mbali. Kutoka Tanga ni safari ya kutwa nzima kwa basi, upite Moshi na Arusha ndipo ukamate njia ya Minjingu. Hata hivyo mume wangu, aliyefanya kazi Tanga miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani, aliapa kwamba sebule yetu itakuwa na bahari. Likaja tangi la kioo, pampu ya hewa, hita, na madumu ya maji ya chumvi yaliyopandishwa lori. Mawe aliyaokota kwenye kifusi cha ukuta wa kale, kwa kuwa watu wa mwambao wamejenga kwa mawe ya matumbawe kwa karne nyingi, na mawe hayo yakioshwa vizuri yana matundu ya kuwapa bakteria makazi. Matumbawe hai nilikataa kabisa yang'olewe baharini kwa ajili yetu. Hilo hatukubishana.

Tangi lilikaa kwanza bila samaki. Ndivyo inavyotakiwa: uchafu wa samaki hutoa amonia, na amonia ni sumu. Bakteria wa kundi moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wa kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hao huzaliana polepole, na hapana njia ya kuwaharakisha kwa maneno. Baadaye wakaja samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, wale wanaoishi kwenye anemoni. Wakala vizuri, wakagombana kidogo, wakagawana pembe za tangi.

Kisha ikaja posa ya wifi yangu.

Ilikuwa Julai, na anayeijua Babati ya Julai anajua upepo unaoshuka Mlima Kwaraa jioni. Nyumba ilijaa wageni: mashangazi, wajomba, watoto wamelala kwenye mikeka. Madirisha yalifungwa yote. Ukumbini, hatua chache kutoka kwenye tangi, palikuwa na jiko la mkaa lenye sufuria kubwa ya makande, na sufuria ilipoepuliwa, jiko likaachwa papo hapo liwape watu joto.

Asubuhi binti yetu wa kidato cha tatu, ambaye ndiye aliyejipa kazi ya kupima maji, akaniita. pH, kipimo cha asidi ya maji, ilizoea kuwa 8.1. Sasa ilikuwa 7.7.

"Mama, maji yanaelekea kwenye asidi."

Habari ikaenea nyumba nzima kabla ya chai. Mume wangu akasema maji yamepungukiwa kalisi, akaenda stoo kutafuta chokaa ya kupaka ukuta. Alishasikia Tanga kwamba maji ya chokaa hupandisha pH na kuwapa matumbawe kalisi ya kujengea mifupa yao, jambo ambalo ni kweli. Mama mkwe akalitazama tangi kwa muda mrefu.

"Maji yakikataa, dawa yake ni magadi," alisema. "Mbona maharage yanakubali?"

Naye alikuwa na ukweli wake. Magadi tunayonunua sokoni hutoka kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, na ndani yake mna kabonati na bikabonati za sodiamu, ambazo ndizo huyapa maji uwezo wa kuhimili asidi. Wafugaji wa samaki wa baharini duniani kote hutumia chumvi za ukoo huohuo, zilizosafishwa. Magadi ya sokoni yana pia floridi nyingi, na sisi wa kaskazini tunaijua floridi kwa meno ya watoto wetu.

Nilikuwa jikoni na shughuli ya wageni. Mume akamimina chokaa yake. Mama, bila kujua, akamimina magadi yake. Hakuna aliyemwambia mwenzake.

Nilipopita na sinia la chapati, tangi lilikuwa limegeuka kama tui zito. Hapo ndipo kemia inapokuwa kali. Kalisi na kabonati vinaweza kukaa pamoja ndani ya maji ya bahari kwa kiasi maalumu tu: kalisi kama miligramu 410 kwa lita, pamoja na magnesi kiasi cha mara tatu yake, ambayo huzuia viwili hivyo visishikane ovyo. Ukizidisha vyote viwili kwa mkupuo, vinashikana na kuwa mawe ya chokaa, vinaganda kwenye hita, kwenye pampu, kwenye kioo. Hapo ulichoongeza kinatoweka pamoja na sehemu ya kile kilichokuwemo.

Weupe ule haukuwa hatari kubwa zaidi. pH ilikuwa imeruka kupita 9. Tangi lilikuwa bado changa na amonia kidogo ilikuwemo. Amonia hiyo pH ikiwa 8 haina makali sana, kwani sehemu yenye sumu ni kama 4 au 5 katika kila 100. pH ikifika 9, sehemu yenye sumu inakaribia theluthi. Samaki walikuwa juu, midomo wazi, matamvua yanakwenda mbio. Tuliwahamishia kwenye ndoo ya maji safi ya bahari yaliyobaki kwenye dumu, tukawawekea pampu ya hewa. Mmoja alikufa kabla ya wageni kuanza kula. Mama mkwe alilia, nami nikakaa naye.

Jioni, watu walipotawanyika, binti yetu alirudia kupima. Alisema jambo ambalo hakuna mtu mzima aliyekuwa ameuliza: asubuhi ile, kabla ya dawa zote, alipima pia ualkali, yaani ule uwezo wa maji kuhimili asidi, kwa kuhesabu matone mpaka rangi ibadilike, kama wafanyavyo kwenye maabara ya shule. Ulikuwa digrii 7, uleule wa siku zote. Kwa hiyo maji hayakupungukiwa na kitu. Kilichoshusha pH kilitoka hewani.

Mkaa ukiungua hutoa kaboni dioksidi, na watu waliolala chumba kimoja nao huitoa usiku kucha. Hewa ya nje ina kama sehemu 420 za gesi hiyo katika kila milioni. Chumba kilichofungwa chenye watu wengi hupita 1,000 upesi. Gesi hiyo ikiingia majini hugeuka asidi. Ikiongezeka maradufu hewani, pH ya maji ya bahari hushuka kwa kiasi cha 0.3. Bahari kuu yenyewe imepitia njia hiyo tangu viwanda vilipoanza: imeshuka kutoka 8.2 hivi hadi karibu 8.1, na matumbawe ya Mafia, Tanga na Unguja yanajenga mifupa yao katika maji hayohayo. Sisi tulifungua dirisha. Bahari haina dirisha.

Tulibadilisha maji yote, tukakwangua hita, tukaanza upya na samaki mmoja. Jiko la mkaa sasa halivuki kizingiti. Mama mkwe ndiye anayefungua madirisha alfajiri, na haruhusu mtu kuyafunga kabla ya saa mbili asubuhi.

Wewe uliye na tangi la bahari, iwe Arusha, Dodoma au Nairobi: pH ikishuka, usiguse dawa yoyote. Pima ualkali kwanza. Kisha chota glasi ya maji, ipeleke nje, iwekee pampu ya hewa kwa saa moja, upime tena. pH ikipanda, ugonjwa ni hewa ya nyumba. Isipopanda, ongeza kitu kimoja, kidogo, na usubiri hadi kesho. Na jiko la mkaa litoe nje kabla ya kulala hata kama huna samaki, kwa sababu hutoa pia kaboni monoksidi, nayo huua watu usingizini.