Sifa za Mkweche wa Abingdon

Kila chombo kina msifiaji wake. Jahazi limeimbwa, baiskeli imeimbwa, hata punda wa Lamu anafanyiwa mashindano na mshindi akabebwa juu juu. Gari dogo la michezo la Kiingereza, lililovuka miaka hamsini, ndilo lililobaki yatima: wanaolijua vizuri wamechoka kusema, na wanaolisifu bado hawajalinunua. Mimi nimelinunua. Naomba basi nisikilizwe kwa adabu, kwa kuwa haki ya kusema imenigharimu pauni 5,800, spea mbali.

Jina lake MGB. Herufi mbili za mwanzo zimetokana na Morris Garages, gereji ya William Morris wa hapa Oxford, ninapoishi. Magari yenyewe yaliundwa Abingdon, mji mdogo kusini mwetu, tangu 1962 hadi kiwanda kilipofungwa Oktoba 1980. Yalitoka zaidi ya nusu milioni, na mengi yao yakapakiwa kwenda Marekani. Langu lilibaki. Lilizaliwa 1972. Mimi pia nilizaliwa 1972, ila Tanga.

Nitangulize sifa ndogo zisije zikasahaulika. Kwanza ni karimu: halijapata kusimama mahali likaondoka bila kuacha tone la oili, kama mgeni asiyekuja mikono mitupu. Hita yake haina kifani katika mwezi wa Julai. Turubai lake ni imara, halivuji ovyo. Linavuja pale tu alipokaa mtu. Tena linafundisha unyenyekevu. Kazi yangu ni udereva wa basi, mchana kutwa nawatazama watu utosini; Jumamosi naingia kwenye MGB, makalio yakiwa shibiri mbili kutoka lami, basi la mwenzangu linanipita, na kitu pekee ninachokiona ni nati za gurudumu. Mke wangu naye analiheshimu. Wanawake wengine hawajui waume zao wako wapi. Yeye akichungulia dirishani anaona viatu vyangu, vidole vikitazama juu, chini ya gari.

Siku ya kulinunua nilikwenda na sumaku. Fundi mmoja wa depo yetu alinionya: gari hili halina chesisi, bodi yenyewe ndiyo mifupa, na mzigo umebebwa na kingo mbili ndefu zilizo chini ya milango. Kingo hizo ni mabati yaliyopandana, katikati yana uwazi, na uwazi wowote wa Uingereza hujaa mvua. Kwa hiyo pitisha sumaku. Ikikamata, hilo ni bati. Isipokamata, hiyo ni puti iliyopakwa rangi. Sumaku yangu ilikamata mlangoni, ikakamata kwenye boneti, ilipofika kwenye kingo ikadondoka majanini. Nikairudisha na kuibana kwa kidole gumba. Ikadondoka. Muuzaji, mzee mstaarabu mwenye sweta lililotoboka viwiko, aliinama akaiokota, akaipangusa, akanikabidhi, akasema siku hizi hawatengenezi sumaku kama za zamani.

Nami nikacheka! Nikacheka, nikatoa pesa.

Baadaye ndipo nilipojifunza lugha ya wauza magari ya kale, ambayo haifundishwi chuo chochote. “Lina historia” maana yake limegongwa. “Mradi uliokaribia kukamilika” maana yake aliyekutangulia alikata tamaa, na nusu ya gari imo kwenye makasha ya ndizi. “Halijaguswa” maana yake halijaguswa. Na “kazi ya Jumamosi moja”, ndugu zangu, hiyo ndiyo niliyoambiwa mimi, kwa mdomo, kikombe cha chai mkononi. Jumamosi moja! Nimezihesabu: ni 61, na Jumatatu za sikukuu sijazitia. Nilipobandua puti kwenye ukingo wa kulia nilikuta wavu wa banda la kuku, na nyuma ya wavu gazeti la 1987 lililosokotwa, kurasa za mpira. Mtu alikaa akalisokota gazeti lile, akaliziba, akalipaka rangi, akasimama nyuma kutazama kazi yake, kisha akamuuzia binadamu mwenzake aendeshe watoto ndani yake. Nililisoma lote. Mechi zilikuwa nzuri.

Sasa nije kwenye sifa kuu. Gari hili linaharibika.

Watu wenye haraka wataiita kasoro. Hebu tulipime jambo hili taratibu. Nimekaa nchi hii zaidi ya miaka ishirini, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo majirani tumezungumza mvua. Inakuja, imekuja, imekwisha. Tokea nilipoanza kukwama barabarani nimealikwa chakula mara nne, harusini mara moja, na nimeonyeshwa picha za wajukuu ambao wazazi wao hawanijui. Gari zima halina mwenyewe. Linapita tu, kama maji ya mfereji. Inua boneti kando ya njia, na Uingereza yote iliyokuwa imejifungia ndani inatoka nje na kisanduku cha spana.

Nimelifanyia jambo hili uchunguzi, na matokeo nayatoa bure. Kuishiwa petroli hakuleti mtu. Ni aibu, wanakupita wakitazama mbele. Pancha huleta mmoja, naye huleta ushauri. Mvuke wa rejeta huleta familia nzima, pamoja na mbwa. Moshi huleta wanaume waliostaafu, wawili wawili, na wanaanza kubishana wao kwa wao hata wakakusahau. Lakini hakuna linalozidi ukimya. Injini ikizima yenyewe, bila moshi wala kelele, wanakuja walio bora. Nje kidogo ya Wantage alinisimamia bibi wa umri wa miaka themanini hivi, lulu shingoni. Hakusalimu. Alivua pete zake akanishikisha, akafungua kifuniko cha distribyuta, akatoa tupa ya kucha kwenye mkoba wake, akazisugua zile pointi mara tatu, akapuliza, akasema jaribu. Ikawaka. Akachukua pete zake akaondoka. Nimeishi miaka mingi nikiutafuta urafiki wa Waingereza kwenye vikao, semina na karamu za kazini, kumbe ulikuwa ndani ya distribyuta.

Kwa hiyo nina pendekezo. Anayetaka kukaa moja kwa moja nchi hii hufanya mtihani wa kompyuta wa maisha ya Uingereza: maswali 24, dakika 45. Nilifaulu, nikayasahau yote kabla ya kufika kituo cha basi. Ufutwe. Kila mgeni apewe MGB moja na spana ya nusu inchi, maana nati zake ni za inchi, za milimita hazikai, aambiwe avuke nchi kutoka Dover mpaka Carlisle. Akifika ataijua historia, jiografia, dini na hali ya hewa, na atakuwa na jamaa katika kila wilaya. Asipofika, ndiyo bora zaidi.

(Wengi watasema umeme wake ndio mbaya, na watalitaja jina la Joseph Lucas wa Birmingham, ambaye Waingereza kwa utani wamembandika cheo cha Mkuu wa Giza. Namtetea marehemu. Katika gari langu waya zilizotoka kiwandani zilikuwa na rangi zake, kila moja na kazi yake, nazo zinapitisha umeme mpaka leo. Giza liliingia na mmiliki fulani wa katikati, aliyeunganisha taa, honi na waipa kwa waya nyekundu tupu, zote nyekundu, na gundi ya plasta ya kidonda.)

Mazungumzo ya kando ya barabara nayajua kwa moyo sasa. Mzee anashuka, anazunguka gari mara moja, anauliza: la mwaka gani? Sabini na mbili. Rangi hii ndiyo yake ya asili? Hapana, lilikuwa la bluu. Anasikitika kidogo. Wa Abingdon huyu, anasema, na hapo anamwita gari kama mtu, anampigapiga boneti kama shavu la mpwa aliyetoka masomoni. Kisha ananyanyua uso, ananitazama mimi, anatabasamu kwa wema kabisa, na kuuliza: na wewe, unatoka wapi?

Cowley Road, nasema.

Hapana, unatoka wapi hasa?

Namjibu. Hajakosea, hata nyumbani tunaulizana kabila. Ila nimeona kwamba gari likiulizwa linatokea wapi, swali limefika mwisho wake.

Mama yangu, aliyeko Tanga, ndiye aliyenifungua macho kuhusu hili. Nilimpigia kumpa habari za gari. “La mwaka gani, mwanangu?” Nikamwambia. Akanyamaza, nikasikia kuku wa jirani. “Si mwaka niliokuzaa wewe? Na hao Wazungu hawakutozi kodi ya uchakavu?” Anauliza kwa kuwa anajua. Kwetu gari likizidi miaka minane forodha wanaliongezea kodi kwa uzee wake, na kwa jirani zetu Kenya likizidi umri huo haliingii kabisa. Ikabidi nimweleze kwamba huku mambo ni kinyume, mama. Huku gari likifika miaka arobaini linasamehewa. Halilipi kodi ya barabara. Tangu Mei 20, 2018 haliendi tena kwenye ukaguzi wa kila mwaka, alimradi halikubadilishwa sana. London, ambako wenye magari machafu wanalipishwa moshi, kongwe hili linaingia bure na moshi wake. Basi langu la kazini nalikagua kila asubuhi kabla halijatoka, matairi, taa, vioo, breki, na natia sahihi. Hili lenye wavu wa kuku ubavuni linaaminiwa kwa neno langu.

“Basi na wewe utakuwa umesamehewa,” mama akasema. “Si mmelingana?”

Tumelingana, mama. Nilipoomba uraia nilitakiwa kutaja kila safari niliyotoka nje ya nchi kwa miaka mitano, siku ya kutoka na siku ya kurudi, pamoja na ile ya kumzika baba. Nililipa zaidi ya pauni elfu moja, ambazo hazirudi ukikataliwa. Gari nalo lina cheti. Liko jumba la makumbusho ya magari huko Gaydon, katika Warwickshire, na ndani yake zimehifadhiwa kumbukumbu za viwanda. Unaandika namba, unalipa kiasi, unaletewa karatasi nzuri inayosema gari lilikamilika siku gani, rangi gani, injini namba ngapi, lilipelekwa wapi. Karatasi ya gari langu ilikuja baada ya wiki chache tu. Kila kitu kimo. Mtu alikuwa ameandika kwa uangalifu, na mtu mwingine akatunza alichoandika.

Sasa mnisamehe. Mwezi mmoja kabla ya msamaha ule wa magari, Aprili 2018, nchi hii ilikuwa imeshikana mashati juu ya watu wa Windrush. Hao waliletwa wangali watoto kutoka Jamaika na visiwa vingine kabla ya 1973, kwa haki kamili, wakasoma hapa, wakaendesha mabasi, wakauguza wagonjwa, wakalipa kodi. Uzeeni wakaambiwa wathibitishe walikuwapo, mwaka kwa mwaka. Wapo waliopoteza kazi, wapo walionyimwa matibabu, wapo waliosafirishwa kwenda visiwa ambavyo hawakuvikumbuka. Kadi zao za kuwasili, zilizoandikwa siku waliyoshuka melini, zilikuwapo. Wizara ya Mambo ya Ndani ilikuwa imeziharibu mwaka 2010. Hakukuwa na nafasi ya karatasi za watu. Ya kwamba kigari cha bluu kiliteremka kwenye mstari wa Abingdon mwezi wa Februari 1972, hiyo Gaydon wanayo.

Nilikuwa nasifu gari.

Lina sifa nyingine ya sauti. Ukiwasha swichi kabla ya injini, pampu ya petroli iliyo nyuma, karibu na gurudumu la kulia, hugonga tak-tak-tak-tak, haraka, kisha polepole, kisha inatulia, kama mtu anayepanda ngazi na kufika. Isipogonga hufiki popote. Dawa yake inajulikana na kila mwenye gari hili, na haimo katika kitabu: unaingia chini, unaipiga kwa kiatu.

Jumamosi iliyopita ilinyamaza kwenye A34, saa kumi na moja jioni, manyunyu, malori yakipita na kutikisa majani. Nilisukuma gari mpaka sehemu pana ya kando, nikavua kiatu cha kulia, nikalala chali kwenye maji. Sijamaliza kuitafuta pampu, nikasikia mlango wa gari ukifungwa nyuma yangu, na viatu viwili vya ngozi vikaja vikasimama karibu na kichwa changu. La mwaka gani? Sabini na mbili. Ah, wa Abingdon. Rangi yake ya asili? Bluu. Akasikitika. Akaniwekea mwavuli juu ya miguu, jambo la wema sana, kisha akainama.

“Na wewe? Unatoka wapi hasa?”

Nikapiga kwa kiatu. Tak-tak-tak-tak-tak.