Kufuli Nje, Ufunguo Ndani

Saa tisa na robo usiku, katika ukumbi wa wanaowasili wa uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, mwandishi wa makala haya alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku lake mwenyewe kama mtu anayeomba radhi. Sanduku lilikuwa zima. Halikupasuka, halikuibwa, halikuchelewa. Kufuli la shaba alilolinunua Kariakoo, baada ya kupatana bei kwa dakika ishirini, lilining'inia pale pale alipoliacha. Shida ilikuwa ufunguo. Ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa suruali ya kijivu, na suruali ya kijivu ilikuwa ndani ya sanduku, imekunjwa vizuri, chini ya mataulo.

Mchukuzi mmoja, kijana aliyekuwa akisubiri abiria mwenye mizigo ya maana zaidi, alimtazama kwa huruma. "Kaka, una peni?" Akapewa peni. Akaikandamiza ncha yake katikati ya meno ya zipu, ikazama kama kisu kwenye papai bivu, na upande mzima wa sanduku ukafumuka. Akaingiza mkono, akatoa suruali, akatoa ufunguo. Halafu akavishika vile vichwa viwili vya zipu, vikiwa bado vimefungwa pamoja kwa kufuli, akavipeleka na kuvirudisha mara moja. Zipu ikajifunga kana kwamba haijawahi kuguswa.

"Haya kaka, sasa fungua kufuli lako," alisema, akimkabidhi ufunguo kwa mikono miwili.

Elfu mbili zikamtoka mwandishi bila kupatana bei.

Peni ile haikuwa na uchawi wowote. Zipu ya sanduku la kawaida ni uzi mnene wa plastiki uliosokotwa ukashonewa pembezoni mwa kitambaa, na kufuli hushika vichwa vyake tu. Meno yenyewe hayana habari na kufuli. Kwa hiyo mtu mwenye nia, peni na nusu dakika anaweza kuingia, kuchagua anachokitaka na kufunga nyuma yake kama mgeni mwenye adabu. Baadhi ya watengenezaji wameacha kabisa zipu, wakaweka fremu ya alumini na vibanio. Masanduku hayo ni mazuri, ni mazito, na bei yake inamfanya mnunuzi asibakiwe na kitu cha kuweka ndani.

Marekani, kufuli la msafiri lina wenyewe wawili. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 iliundwa mamlaka ya usalama wa usafiri, TSA, na sheria ikataka hadi mwisho wa mwaka 2002 kila sanduku linalokwenda tumboni mwa ndege liwe linakaguliwa kama lina kilipuzi. Wakaguzi wakitaka kuona ndani, hawamwiti mwenyewe. Kufuli lisilofunguka hukatwa, na hakuna fidia. Mwaka 2003 yakaingia sokoni makufuli yenye alama ya almasi nyekundu, ambayo mwenye sanduku anayo namba yake na wakaguzi wanao ufunguo mkuu wa kuyafungua yote. Funguo hizo zipo aina chache tu, na usalama wa mamilioni ya masanduku unategemea zisionekane ovyo.

Zikaonekana. Mwaka 2014 gazeti la Washington Post lilichapisha makala kuhusu safari ya mizigo viwanjani, na katika picha mojawapo kulikuwa na funguo hizo zimeanikwa kama samaki wa kuuzwa, kila jino linahesabika. Mwaka uliofuata watu wa intaneti wakaigundua picha, wakazichora upya kwa vipimo, na michoro ikasambazwa bure kwa yeyote mwenye mashine ya kuchapa vitu vya plastiki. Makufuli yale bado yanauzwa hadi leo, na alama yake nyekundu bado inang'aa.

Shemeji yake mwandishi, anayeishi Ohio, kila akirudi kutoka nyumbani na kuunganisha ndege ya ndani hukuta sandukuni karatasi ya TSA inayomweleza kwa upole kwamba mzigo wake umefunguliwa. Karatasi hiyo huwa imelala juu ya dagaa wa Kigoma. Anasema hajawahi kupotelewa hata na dagaa mmoja, na kwamba siku hizi jambo hilo limeanza kumkera.

Wapo wasioamini makufuli, wanaamini kamba. Katika ukoo wa mwandishi kiongozi wa madhehebu hayo ni shangazi yake, mfanyabiashara wa mablanketi na vyombo, ambaye kwa miaka mingi alikwenda Dubai na mfuko mmoja mtupu wa shangazi kaja na kurudi na mafurushi manne yaliyofungwa kama rumbesa za vitunguu. Fundo la kwanza la msalaba, la pili la mbuzi wa kuchinjwa, la tatu la kwake mwenyewe ambalo hata yeye hulikata kwa kisu. Machi 2017 uwanja wa ndege wa Dubai ukatangaza kwamba mizigo ya mviringo na isiyo na hata upande mmoja bapa haitapokelewa mpaka ifungwe upya. Sababu si kiburi. Chini ya uwanja ule kuna mikanda ya kusafirishia mizigo yenye urefu wa takriban kilomita 140. Ungeinyoosha kutoka Dar es Salaam ungeipita Chalinze. Furushi la mviringo hubingirika, kamba inayoning'inia hunasa, na fundo moja la shangazi linaweza kuwasimamisha abiria wa nchi thelathini. Shangazi alizipokea habari hizo kama tusi. "Bapa?" aliuliza. "Blanketi liwe bapa?"

Akahamia kwenye nailoni. Kuna viwanja ambako kijana mwenye mashine hulizungusha sanduku mpaka ligeuke pande la kitu kisichojulikana, magurudumu yakiwa yamefunikwa na kishikio kinatafutwa kwa kupapasa. Nailoni ina faida moja ya kweli: ikichanwa, unajua imechanwa. Haimzuii mkaguzi, ambaye anao wembe. Na inaleta balaa jipya, kwani masanduku kumi na manane yaliyozungushiwa nailoni ya kijani yakianza kutoka kwenye mkanda, hata mama mzazi hawezi kumtambua mwanawe.

Kutambua ndiko kunakowaangusha wengi, kuliko wezi. Sanduku jeusi la ukubwa wa kati ni kama jina la Juma: ukiliita sokoni, watageuka kumi. Mwandishi, akijiona mjanja, alifunga kwenye kishikio cha lake kipande cha kanga nyekundu ya marehemu bibi yake. Katika jina la kanga ile lilikuwa limebaki neno moja tu, MAJIRANI. Siku ya siku, usingizi ukimlemea, akaona mkandani sanduku jeusi lenye kipande cha kanga nyekundu, akalinyakua, akapanda teksi mpaka Tabata. Alipofungua nyumbani akakuta mabaibui kumi na manne, chupa tatu za manukato ya udi zilizofungwa kwa soksi, na karatasi iliyoandikwa kwa mkono jina na namba ya simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyechukua sanduku langu?"

"Ndiyo mama, naomba unisamehe, nilidhani..."

"Mwanangu, hayo mabaibui ya arusi yanakuenea?"

Ile karatasi ya ndani ndiyo iliyookoa arusi ya watu siku hiyo. Vibandiko vya nje hung'oka. Karatasi iliyowekwa juu ya nguo haing'oki. Tangu hapo mwandishi huandika yake, na hulipiga picha sanduku kabla ya kulikabidhi kaunta, nje na ndani. Binti yake humcheka kwamba anamwekea sanduku kumbukumbu za msiba.

Hofu ya wizi ni kubwa kuliko wizi wenyewe. Kampuni ya SITA, inayohudumia mifumo ya viwanja vya ndege duniani, huhesabu kila mwaka mizigo iliyopata mushkeli. Mwaka 2007 ilikuwa karibu 19 katika kila abiria 1,000. Mwaka 2024 ilikuwa 6.3. Mingi kati ya hiyo imechelewa tu, na panapoharibikia zaidi ni pale msafiri anapobadilisha ndege. Abiria hukimbia. Sanduku halikimbii. Tangu Juni 2018 mashirika wanachama wa IATA, chama cha kimataifa cha usafiri wa anga, yanatakiwa kulifuatilia sanduku katika vituo vinne: linapopokewa, linapopakiwa, linapohamishwa na linaporudishwa kwa mwenyewe. Kinachosomwa ni ule ukanda wa karatasi wenye tarakimu kumi na herufi tatu za mwisho wa safari: DAR, ZNZ, MCT. Na hapa pana rafiki wa mwandishi asiyebandua vibandiko vya safari za zamani kwa sababu anataka watu waone ametembea. Sanduku lake nalo limetembea. Mwezi Februari lilikwenda Nairobi bila yeye, likafuata kibandiko cha mwaka uliotangulia.

Siku hizi wengi huficha sandukuni kifaa cha kufuatilia mahali, na wengine huishia kuteseka zaidi, kwani sasa wanajua kwa uhakika kwamba sanduku limelala mji ambao hawakwenda. Wakati wa vurugu za viwanja vya ndege za Julai 2022, mizigo ilipojaa Heathrow hadi ikakosa pa kuwekwa, shirika la Delta lilirusha Airbus A330 kutoka London mpaka Detroit ikiwa na masanduku 1,000 na hakuna abiria hata mmoja. Inaelekea ndiyo safari pekee ambayo hakuna aliyelalamikia chakula.

Sheria ipo, na ina siku zake. Mkataba wa Montreal wa 1999 unampa msafiri wa kimataifa siku 7 kulalamika kwa maandishi mzigo ukiharibika, na siku 21 tangu aupokee kama ulichelewa. Sanduku lisilofika ndani ya siku 21 huhesabiwa limepotea. Kikomo cha fidia tangu Desemba 28, 2024 ni vipimo 1,519 vya SDR, fedha ya kihesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, takriban dola 2,000 za Marekani. Mwenye cha thamani zaidi anaweza kukitangaza kaunta na kulipia nyongeza, jambo ambalo shangazi analiona sawa na kumtangazia mwizi kwa kipaza sauti. Dhahabu yake yeye huivaa yote. Kwenye mlango wa kukagulia vyuma huchukua dakika kumi na tano, na foleni nzima hupata muda wa kuhesabu bangili.

Mizigo inayoshindwa kabisa kupata wenyewe huko Marekani huishia Scottsboro, mji mdogo wa Alabama, kwenye duka lililoanzishwa mwaka 1970 na Doyle Owens kwa mkopo wa dola 300 na gari la kuazima. Huko kuliwahi kufika Hoggle, sanamu ya kibwengo iliyoigiza katika filamu ya Labyrinth ya mwaka 1986. Ni vigumu kumwelewa mtu anayesahau kudai kibwengo.

Melini mambo ni tofauti, na jirani wa mwandishi, muuguzi mstaafu aliyefanya kazi Uingereza miaka mingi, anaweza kuyaeleza vizuri. Watoto wake walimlipia safari ya meli ya kitalii katika bahari ya Mediterania. Usiku wa mwisho kwenye meli hizo abiria huweka masanduku yao nje ya mlango wa chumba, yakiwa na vibandiko vya rangi, wahudumu huyakusanya usiku kucha, na asubuhi kila mtu huyakuta bandarini yamepangwa kwa rangi zake. Mama huyu hakupenda sanduku kukaa koridoni peke yake. Kwa hiyo alipakia kwa makini, hakubakiza kitu, akalitia makufuli matatu, akalitoa nje ya mlango, akalala kwa amani. Alipoamka sanduku lilikuwa limekwenda, na nguo zake zote pamoja na viatu vilikwenda nalo. Chumbani kulikuwa na yeye, gauni la kulalia, ndara, na doti moja ya kanga aliyokuwa amejifunikia.

Moja akajifunga kiunoni, moja akajitanda, akashuka ngazi za meli kwa mwendo wa bibi harusi. Abiria wawili wakaomba wapige naye picha. Wa tatu akamuuliza hilo ni vazi la sikukuu gani, naye akajibu kwamba huvaliwa siku ya kuagana na bahari tu. Sanduku akalikuta gatini, kwenye safu ya rangi ya chungwa, akalivuta mpaka kwenye teksi, makufuli yake matatu yakigongana kama njuga.