Baba Alikufa Chini ya Sheria Ipi?

Matanga yalipoanuliwa pale Nkwenda, baba mdogo aliondoka na ufunguo wa ghala. Ndani mlikuwa na kahawa ya maganda isiyokauka sawasawa, na mvua za vuli zilishaanza. Mama aliomba ianikwe upya. Akajibiwa kwamba mjane hagusi mali ya ukoo. Kaka mkubwa akanyamaza. Sisi mabinti tukatoka jikoni, tukakaa sebuleni katikati ya wazee.

Kwa Tangazo la Sheria za Mila Na. 4 la mwaka 1963, mjane mwenye watoto hana fungu. Hutunzwa na wanawe, na fungu la binti ni dogo kuliko yote. Kwa Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo mahakama zetu ziliirithi toka enzi za Waingereza, mjane huchukua theluthi moja, watoto wakagawana theluthi mbili. Jirani yetu Mwislamu alipofiwa na mume alipata thumuni. Migomba ni ileile, lakini mama angeweza kutoka mikono mitupu.

Baba mdogo alitangulia mahakama ya mwanzo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Alijua anachofanya, maana mahakama hiyo husikiliza mirathi ya kimila na ya Kiislamu tu. Shangazi ndiye aliyetusukuma tuweke pingamizi. “Holaria Pastory wa Muleba aliuza shamba alilorithi kwa baba yake,” alisema, “mtu wa ukoo wake akamshitaki. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akasema mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Ninyi mnaogopa nini?”

Hakimu hakutosheka na kusikia kwamba marehemu ni Mnyambo. Aliuliza ameishije. Tangu shauri la mirathi ya Innocent Mbilinyi mwaka 1969, Mngoni aliyehamia maisha ya Dar es Salaam, mahakama hupima mwenendo wa marehemu na nia yake. Kwetu ushahidi ulivutana. Baba alifunga ndoa kanisani, akafanya kazi ya udereva Kayanga, akatulea kwa Kiswahili. Lakini hakukosa kikao cha ukoo, na amezikwa kwenye kibanja. Mama akatoa hati ya mauziano ya shamba: majina mawili, lake na la mumewe.

Pingamizi likakubaliwa, ufunguo ukarudishwa. Magunia ya chini yalikuwa yameota ukungu, tukayamwaga. Hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu swali la sheria ipi lingeweza kuulizwa siku ile ya kikao, kabla mtu hajafunga mlango.

Sasa shauri liko mahakama ya wilaya. Chumba cha duka kilichoko Kikagati, ng'ambo ya daraja la Murongo, kimewekwa kando, kwani ardhi na majengo hufuata sheria ya nchi yalipo, na huko ni Uganda. Kaka ameahidi kwamba barua za usimamizi zikitoka atazivusha zitiwe muhuri wa mahakama za kule, ndipo amdai mpangaji kodi ya mama.