Mjeledi wa Kuzimu na Bonasi ya Chai

Nyumbani kwetu, upande wa Nyamira, tuko wawili tunaoishi kwa kungoja. Mama anangoja bonasi ya majani chai, inayolipwa mara moja kwa mwaka ifikapo Oktoba au karibu na hapo. Mimi nilikuwa nikingoja mjeledi. Majirani wanamheshimu mngojaji mmoja tu kati yetu, na si mimi.

Mjeledi wenyewe umo ndani ya Old School RuneScape, mchezo wa mtandaoni wa kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza. RuneScape ya kwanza ilizinduliwa mwaka 2001, hii ya mtindo wa zamani ikaja 2013, na tangu 2018 inachezwa hata kwenye simu, ikiwemo yangu yenye kioo kilichopasuka. Unaingia humo ukiwa mnyonge asiye na mbele wala nyuma. Unakata kuni, unavua samaki, unapigana na panya, na polepole unahesabiwa miongoni mwa watu. Ukifikisha kiwango cha 85 katika kazi ya kuwinda mazimwi, unaruhusiwa kupambana na majini wa kuzimu. Kila jini akifa huangusha kitu. Mara nyingi ni majivu na vijisenti. Mara moja kati ya 512, kwa wastani, ni mjeledi.

Hiyo “kwa wastani” imezeesha vijana wengi. Jini wa mia sita hana habari na wale mia tano waliomtangulia, wala hakuna karani anayeandika pembeni kwamba huyu kijana amengoja vya kutosha, apewe chake. Ukipiga hesabu, zaidi ya theluthi moja ya watu wanaoua majini 512 huondoka mikono mitupu. Lakini utamu uko papo hapo. Ningeahidiwa mjeledi kwa jini wa 512 kamili, ningefanya kazi ya kibarua: kuhesabu, kupokea, kulala. Kwa kuwa sijui, kila jini anapoyumba nami nabana pumzi.

Nilimweleza Mama kwamba mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, aliligundua jambo hili zamani akitumia njiwa na panya: mnyama anayepewa chakula bila mpango unaotabirika hubonyeza kitufe kwa bidii kuliko anayejua zamu yake. Mama aliendelea kuchambua mboga za chinsaga. “Na hao njiwa,” akauliza, “nani alikuwa akiwalimia?”

Hakubali kwamba yeye naye ni mchezaji. Lakini mtazame. Anaamka kabla ya jua, anachuma majani mawili na chipukizi, anabeba kikapu hadi kituoni, karani anapima kilo. Mwisho wa mwezi yanaingia malipo ya kwanza, ambayo ndiyo majivu na vijisenti vyake. Kisha mwaka mzima unaelekea kwenye zimwi moja kubwa liitwalo bonasi, na ukubwa wake unaamuliwa mbali na shamba: bei ya mnada wa Mombasa, thamani ya dola, gharama za kiwanda. Mvua ya mawe nayo ina kura yake. Na yeye anabana pumzi kuliko mimi. Kuanzia Septemba redio haizimwi, na kiwango kikitangazwa, wanawake wa kijiji wanakilinganisha na cha viwanda vya jirani, halafu wanafika Mlima Kenya, ambako wakulima kwa kawaida hulipwa zaidi. Hapo mazungumzo huharibika.

Mjeledi wangu ulianguka siku ya ngurumo. Anayeijua Gusii yetu anajua kwamba alasiri ya msimu wa mvua haiombi ruhusa. Jini alianguka, mjeledi ukalala sakafuni mwa pango, na mtandao ukapotea.

Katika mchezo huu, kilichoanguka hudumu dakika chache tu. Mwanzoni unakiona wewe peke yako, baadaye kila mpita njia anakiona, kisha kinatoweka kabisa. Mtandao wa kutegemewa kwetu uko juu ya kilima, kwenye mikaratusi. Basi nikatoka mbio kwenye mvua, simu imo ndani ya mfuko wa plastiki, mkono umeinuliwa juu nikitafuta mawimbi.

Mtu mzima akikimbia kwenye mvua mkono juu, kijiji hakiwezi kubaki ndani. Wa kwanza kunifuata alidhani kuna mwizi, akaja na rungu. Wa pili alidhani kuna msiba, akaja na leso kichwani na machozi tayari. Mzee wa Nyumba Kumi alikuja kwa sababu ya cheo. Bodaboda aliyekuwa amejikinga chini ya mti aliniuliza kama nataka kubebwa, na nilipompita bila kujibu akapanda nyuma yangu kuona mwisho wake.

Kileleni mtandao ukarudi. Mjeledi ulikuwa bado upo. Nikaugusa, na mchezo ukanijulisha kwamba mkoba umejaa. Mkoba huo una nafasi 28, na wangu ulikuwa umejaa papa wa kuchoma, chakula cha wapiganaji. Njia ya haraka ya kupata nafasi ni kula. Basi mimi, mtu wa omena na ugali wa wimbi, nikala papa mzima bila njaa, juu ya kilima, mbele ya umati ulioloa, nikaokota mjeledi, nikapiga ukelele.

“Umepata nini?” akauliza mzee.

“Mjeledi!”

Simu ikapita mkono kwa mkono. Aliyekuja na rungu aliitazama picha ndogo kuliko ukucha, akatikisa kichwa. Aliyekuja kulia akaona machozi yake yamepotea bure. Wakati huohuo kwenye kioo, wenzangu wa kikundi, watu nisiowajua sura, walikuwa wakimiminika na pongezi, kwa sababu mchezo hutangaza mtu akipata kitu adimu. Tuzo ileile ilikuwa harusi upande mmoja wa kioo na wazimu upande wa pili. Tofauti ni kwamba wa ndani waliijua gharama yake.

Ndiyo maana fedha huiharibu tuzo. Mwaka 2012 kampuni ya Blizzard walifungua soko la mnada ndani ya mchezo wao wa Diablo III, mtu akaweza kununua silaha kwa pesa halisi. Machi 2014 wakalifunga: watu walikuwa wakipata vitu bora sokoni, na kuua mazimwi, ambako ndiko mchezo wenyewe, kukakosa maana. Wingi nao huiharibu. Krismasi ya 2001 RuneScape iligawa kofia za karatasi zisizo na nguvu yoyote. Kwa kuwa hazikutolewa tena, leo mtu hulipa mabilioni ya dhahabu ya mchezo huo ili avae moja. Katika Old School kofia hizohizo ziligawiwa upya kwa kila aliyetaka, na hakuna anayezigeukia.

Mpwa wangu wa mjini Kisii, anayesomea biashara, anasema bonasi ingekuwa tuzo kamili kama wangeitangaza kwa fataki na rangi ya zambarau kama baadhi ya silaha za mchezo wa World of Warcraft. Mama anasema angependa kwanza waitangaze bila makato ya mbolea. Naona amewashinda wabunifu wote: bahati unaivumilia ikikutokea kabla ya kitu kuwa chako, ikija baada ya hapo, inaitwa makato.

Juzi aliniuliza mjeledi una thamani gani. Nikamwambia ni dhahabu nyingi, ila dhahabu hiyo haitoki nje ya mchezo, na kuiuza kwa pesa halisi kunakatazwa.

“Kwa hiyo ni mali yako.”

“Ndiyo, Mama.”

“Ina thamani.”

“Sana.”

“Na huwezi kuishika mkononi.”

“Siwezi.”

Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mchezo huu uingie nyumbani. “Sasa nimekuelewa, mwanangu. Mimi pia nina hisa za kiwanda.”