Utangulizi wa Elimufolda: Juu ya Zana Inayoorodhesha na Haki ya Kuandikiwa Maelezo

Mwanafunzi, keti, zima simu. Leo tunaingia katika Elimufolda, taaluma inayochunguza folda za barua pepe bila kuzifungua. Wanaozifungua wakasoma kilichomo ni watu wa Elimubarua, fani ya chini kidogo. Tuwaombee heri, tuendelee.

Fasili ya 1. Zana-orodheshi ni programu ndogo ambayo wakala wa akili mnemba huiita ili apewe majina ya folda zilizomo katika akaunti. Haisomi barua, haifuti, haihamishi. Inaorodhesha, basi. Vijana husikia hivyo wakapiga miayo, wasijue kwamba wamepigia miayo nguzo ya ulimwengu.

Fasili ya 2. Unyarakazana ni sanaa ya kumweleza wakala zana hiyo. Katika utaratibu wa Model Context Protocol, uliotolewa na Anthropic Novemba 2024, kila zana hujitambulisha kwa jina, maelezo na umbo la viingizo vyake. Wakala hana pengine pa kuuliza. Akikuta maelezo yasemayo tu "huorodhesha folda", mengine atayabuni, na maradhi hayo nimeyapa jina: ukisiafolda. Mwagize atafute barua uliyotuma jana, atakwenda mbio kwenye folda ya "Sent". Lakini Gmail, ikifikiwa kwa IMAP, itifaki ya kufikia barua pepe, katika akaunti ya Kiingereza, haina folda ya jina hilo. Ina "[Gmail]/Sent Mail", mabano ya mraba yakiwemo. Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya maelezo iwe amri: ita zana hii kabla ya kutaja folda yoyote. Ya pili: jina linakiliwa lilivyo, herufi kwa herufi. Isipokuwa INBOX, ambayo kwa kanuni za IMAP hata ukiiandika kwa herufi ndogo, kubwa au mchanganyiko, inabaki ileile. Hakuna folda nyingine iliyopewa hadhi hiyo. Mimi huitaja nikiwa nimesimama.

Sasa aina. Wapo wanaogawa folda kwa mada: Kazini, Ada za Shule, Kamati ya Harusi. Huo ni ugawaji wa mtaani. Sisi tunagawa kwa namna ya kuwepo.

Aina ya kwanza ni Folda-Wadhifa: rasimu, zilizotumwa, takataka na wenzao, ambao hati ya kanuni RFC 6154 ya mwaka 2011 iliwapa alama maalumu ili wakala asibabaishwe na lugha ya mwenye akaunti. Hapo tenganisha kwa ukali \Trash na \Junk. Takataka ni barua iliyoishi kisha ikafa. Barua taka ni iliyohukumiwa kabla haijasalimia. Mwandishi wa maelezo anayezichanganya anyang'anywe kibodi.

Aina ya pili ni Folda-Mzazi. Ndani ya "Kamati ya Harusi" mna "Michango", na ndani ya "Michango" mna "Walioahidi", folda yenye wakazi wengi kuliko zote. Kinachotenga vizazi ni alama moja tu: seva hii hutumia mkwaju, ile hutumia nukta. Maelezo yasiyosema ni ipi yameuvunja ukoo. Ukiiuliza seva kwa alama ya asilimia, inakupa kizazi kimoja; kwa nyota, inakupa hadi vitukuu. Mzazi wa ajabu kupita wote ni "[Gmail]" yenyewe, iliyogongwa muhuri wa \Noselect: ina watoto, haifunguki, haina barua hata moja. Tasnifu yangu juu yake bado inaendelea.

Aina ya tatu ni Folda-Kificho, ambayo jina lake lina herufi isiyo ya ASCII, hivyo seva hulisimba. Majina ya Kiswahili hupita salama, maana herufi zetu zote zimo katika ASCII. Tatizo ni ng'ombe. Akiandikwa kwa ritifaa iliyonyooka, anapita. Simu ikiipinda ritifaa yenyewe, kama simu zinavyopenda, seva ya IMAP4rev1 itamtoa akiwa "Ng&IBk-ombe". Je, zana imfasiri kabla ya kumkabidhi kwa wakala, au imkabidhi hivyo hivyo? Mimi nasema imfasiri, na maelezo yakiri hivyo waziwazi. Wenzangu wanaosema vinginevyo hatusalimiani.

Aina ya nne naitaja kwa sauti ya chini. Tangu RFC 5258 ya mwaka 2008, seva inaruhusiwa kuleta folda yenye alama ya \NonExistent, mathalani iliyofutwa huku usajili wake ukiwa haujaondolewa. Yaani msajili anakuletea jina, na pembeni yake anaandika kwamba mwenye jina hayupo. Wakala ambaye hakuelezwa hili atabisha hodi hapo mpaka usiku wa manane.

Mwanafunzi ambaye aina hii ya nne itamkosesha usingizi ana kipaji, aje ofisini kwangu. Atakayelala fofofo ahamie Idara ya Viambatisho.